Kiu Hutulia Kabla Maji Hayajafika Damuni

Misafara iliyotoka pwani ilivuka nyika kavu ya Mgunda Mkali ndipo ikafika Tura, mlango wa Unyamwezi. Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857. Kiu ya mpagazi aliyekunywa ilitulia kwa dakika chache, hali maji mengi yalikuwa bado tumboni. Ubongo hupima ukolezi wa chumvi katika damu, lakini husikiliza pia habari za kinywa na koo, ukakisia mapema kwamba haja imetimizwa.

Kwa wazee hisia hiyo hufifia. Kwa hiyo mzee anayeharisha akisema hana kiu, neno lake lisitoshe: anyweshwe maji ya chumvichumvi kidogo kidogo, na rangi ya mkojo wake iangaliwe.