NDEGE YA MABOMU ILIYOBEBA DAWA

Askari ye yote aliyepata kupelekwa katika kituo cha mbali anaujua uchungu wa umbali. Chakula hukawia, barua hukawia, na msaada ukihitajika hukawia zaidi ya vyote.

Mnamo mwaka 1934 wakuu wa kikosi cha ndege cha Jeshi la Nchi Kavu la Marekani walikuwa wakilitafakari jambo hilo hilo. Nchi yao ilikuwa na ngome Hawaii, Panama na Alaska, na kuzipelekea nguvu ngome hizo kulikuwa kazi ya meli, tena kazi ya siku nyingi. Basi wakataka ichorwe ndege ya kuangusha mabomu iwezayo kwenda maili 5,000, yaani kilomita 8,000 hivi, ikiwa na tani moja ya mabomu, bila ya kutua kutia mafuta. Shauri hilo waliliita Mradi A. Yafaa ikumbukwe kwamba siku zile majemadari wengi waliihesabu ndege kuwa mtumishi wa askari wa miguu tu, na ndege ya kuvuka bahari waliiona ni anasa.

Kazi ilipewa kampuni ya Boeing ya mjini Seattle. Ndege iliyotoka humo iliitwa XB-15, na herufi X ilionyesha kwamba ni ya majaribio. Iliruka mara ya kwanza tarehe 15 Oktoba, 1937. Ncha moja ya bawa hadi ya pili ilikuwa mita 45, na ikijazwa mzigo na mafuta uzito wake ulifika karibu tani 32. Magurudumu ilibidi yafungwe mawili mawili kila upande ili yahimili uzito huo.

Lakini ajabu kubwa ilikuwa ndani yake. Bawa lilikuwa nene hata fundi akaweza kupenya ndani yake, ndege ikiwa angani, akaifikia injini na kuitazama. Kwa kuwa safari moja iliweza kupita usiku na mchana, wanahewa wapatao 10 walifanya kazi kwa zamu kama mabaharia, na waliopumzika walikuwa na vitanda. Palikuwa na jiko dogo na choo. Injini nyingine mbili ndogo za petroli ziliwekwa kwa ajili ya kuzalisha umeme tu, wala hazikuwa na kazi ya kuisukuma ndege. Mimi huwaambia wenzangu kwamba hapo ndipo ndege ya vita ilipoanza kufanana na manowari.

Kasoro ilikuwa moja, nayo ilikuwa nzito. Injini zenye nguvu zilizokusudiwa hazikuwa tayari, ikabidi zifungwe nne za Pratt & Whitney, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 1,000 hivi. Jitu likapewa moyo wa mtoto. Mwendo wake wa mwisho ulikuwa kilomita 320 hivi kwa saa. Mdogo wake, ndege iliyokuja kuitwa B-17, ambayo ilibuniwa baadaye lakini ikatangulia kuruka mwaka 1935, ilikuwa imekwisha kusafiri kutoka Seattle hadi Dayton kwa mwendo wa wastani wa kilomita 370 kwa saa. Katika vita, ndege nzito isiyo na mbio ni shabaha. Kwa hiyo XB-15 ikaundwa moja tu, basi.

Hata hivyo siku yake ilifika. Usiku wa tarehe 24 Januari, 1939, tetemeko la ardhi liliuangamiza mji wa Chillán, kusini mwa Chile, na maelfu ya watu wakafa chini ya kuta za nyumba zao. Dawa zilihitajika upesi, na meli isingewahi. Mwanzoni mwa Februari Meja Caleb Haynes na wenzake waliirusha XB-15 kutoka Langley Field, Virginia, wakiwa na kilo zipatazo 1,470 za dawa na vifaa vya Msalaba Mwekundu. Walitua Panama na Lima kutia mafuta, kisha wakafika Santiago baada ya kuwa angani saa 30 hivi kwa jumla. Safari hiyo iliwapatia Tuzo ya Mackay, mojawapo ya heshima kubwa za warukaji wa jeshi la Marekani. Mwezi Julai mwaka huo huo ndege hiyo iliinua mzigo wa zaidi ya kilo 14,000 hadi kimo cha mita 2,000, ikaweka rekodi ya dunia.

Wala bawa lile halikupotea bure. Boeing waliuchukua mchoro wake wakautumia katika ndege ya abiria iliyotua majini, Boeing 314. Ni ndege ya aina hiyo iliyomleta Rais Roosevelt Afrika mwezi Januari, 1943, alipokwenda kukutana na Churchill mjini Casablanca. Na yale waliyojifunza wahandisi kuhusu uzito, umeme na safari ndefu waliyatia katika B-29, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1942, safari hii ikiwa na injini zilizostahili mwili wake.

XB-15 yenyewe ilinyang'anywa cheo cha mabomu mwaka 1943, ikageuzwa kuwa ndege ya mizigo na kupewa jina jipya, XC-105. Ilifanya kazi Panama na visiwa vya Karibi, ikachukua abiria zaidi ya 5,000, pamoja na shehena na mifuko ya barua kwa askari wa vituo vya mbali. Askari wenyewe waliiita Babu. Mwaka 1945 ilivunjwa vipande huko huko Panama, katika kiwanja cha Albrook, bila kubakizwa hata kwa ajili ya makumbusho.