Lifahamu Gari Lako Kabla ya Safari ya Lokiriama

Barabara ya Lodwar hadi Lokiriama kupitia Lorugum hutumiwa na wafanyabiashara, walimu, wagonjwa na wafugaji. Ndiyo njia pia ya wanaokwenda kuadhimisha makubaliano ya amani ya mwaka 1973 kati ya Waturkana na Wamatheniko wa Uganda. Gari likiharibika ukiwa mbali na mji, si rahisi kumpata fundi. Ndiyo maana dereva, hata anayeanza tu, anafaa kujua jinsi gari linavyofanya kazi.

Nguvu hutoka wapi?

Injini huchoma mafuta ndani ya silinda. Humo, pistoni hupanda na kushuka kwa hatua nne: hewa huvutwa ndani, hushindiliwa, mafuta huwaka na kuisukuma pistoni chini, kisha moshi hutolewa. Kwenye gari la petroli, cheche ya plagi ndiyo huwasha mafuta. Kwenye dizeli, hewa iliyoshindiliwa hupata moto wa kutosha kuyawasha bila plagi. Msukumo huo hupitia kwenye gia hadi magurudumuni.

Hata hivyo, takriban thuluthi moja tu ya nguvu ya mafuta ndiyo huendesha gari. Sehemu kubwa inayobaki hugeuka kuwa joto, na joto hilo ndilo adui wa injini.

Kazi ya maji na oili

Maji huzunguka kando ya silinda, hubeba joto hadi kwenye rejeta, hupozwa na upepo na feni, kisha hurudi. Oili nayo hulainisha vyuma visisagane. Hapa kwetu joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 35, kwa hivyo hata upepo unaopoza rejeta ni wa moto. Ukiwa kwenye mchanga kwa gia ndogo, injini hufanya kazi nyingi huku upepo ukiwa mdogo. Tazama kipimo cha joto kila mara.

Mshale ukipanda kupita kawaida:

- Zima kiyoyozi, simama mahali salama na uzime injini.
- Usifungue kifuniko cha rejeta. Maji ya ndani yamebanwa na yanaweza kupita nyuzi 100. Ukifungua, yataruka na kukuunguza uso na mikono.
- Subiri angalau nusu saa, hadi uweze kuishika rejeta bila kuungua. Kisha fungua kwa kitambaa, polepole.
- Ongeza maji kidogo kidogo. Maji baridi kwenye injini ya moto yanaweza kupasua chuma.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini mara moja. Ukiendelea hata kwa dakika chache, unaweza kuiua.

Kabla ya kuondoka

Egesha gari mahali tambarare, injini ikiwa baridi. Pima oili kwa kijiti chake, angalia maji, breki, taa, na upepo wa tairi pamoja na tairi la spea. Hakikisha jeki na spana zimo. Beba mtungi wa maji safi ya gari, kwani maji ya laga huziba rejeta kwa matope na maji ya chumvi hula chuma. Maji ya kunywa yawe kwenye mtungi wake. Gari likikwama, hayo ni ya watu kwanza.

Usivuke laga iliyojaa. Mvua ya milimani Loima inaweza kuleta mafuriko huku ulipo jua linawaka. Maji yakiingia kwenye silinda, injini huvunjika, na mkondo unaweza kulibeba gari pamoja na abiria.

Mwisho, mwambie mtu njia utakayopita na saa unayotarajia kufika. Usipofika, atajua pa kuanzia kukutafuta.