Msako wa Nguruwe Mwitu: Tuchukue Nini, na Nani Alipe?



Hakuna mkulima wa pwani ya Rumonge asiyejua uchungu wa kuamka asubuhi akakuta shamba limefukuliwa usiku kucha. Muhogo umechimbuliwa, karanga zimetapanywa, na miche ya michikichi iliyopandwa juzi imeng'olewa na kutafunwa moyo wake. Nguruwe mwitu wameshuka kutoka vilimani, wamekula, kisha wamerudi kichakani kabla ya jua kuchomoza. Hapo ndipo mwenye shamba au msimamizi hutangaza: "Kesho hakuna kupalilia, kesho tunafukuza nguruwe."

Watu wakisikia neno msako hukimbilia kunoa mkuki. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba mkuki ni kifaa cha mwisho katika orodha. Vipo vingine vinavyotangulia, na kwa kukosa hivyo wenzetu wameumia.

YALIYOTUPATA SISI

Katika shamba moja la michikichi, ambalo hatulitaji jina, tuliitwa alfajiri watu wapata ishirini. Wengi tulikuwa vibarua wa msimu. Hatukupewa kitu. Mwenye panga alikuja na panga, asiye na panga alikata fimbo njiani. Kijana mmoja alikuwa amevaa kandambili za plastiki na kaptula, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akija kazini kila siku.

Nguruwe walipotoka kichakani, kila mtu alikimbia upande wake. Kijana yule aliteleza, kandambili ikakatika, na jike lenye watoto likampitia. Jeraha la pajani lilikuwa la urefu wa kiganja. Hatukuwa na kitambaa safi wala kamba, na hakukuwa na kitu cha kumbebea. Mzee mmoja alivua shati lake, akaligandamiza kwenye jeraha, nasi tukambeba kwa zamu mgongoni mpaka barabara kuu, tukangoja gari.

Kijana alipona, lakini hadi leo anachechemea. Tulipouliza juu ya malipo ya matibabu, tuliambiwa kwamba msako haukuwa kazi, bali alikwenda kwa hiari yake. Jioni ile tulikaa chini tukaandika orodha. Ndiyo hii tunayowapa.

KWANZA TUMJUE MNYAMA

Nguruwe mwitu si mkubwa kama kiboko, lakini dume lililokomaa laweza kupita kilo 80. Meno yake ya pembeni ni mafupi, nayo ni makali kama kisu. Macho yake si mazuri, bali pua na masikio yake ni hodari sana. Hutembea kwa makundi usiku, na mchana hulala mahali penye kivuli na majani mazito. Akifukuzwa, nia yake ni kukimbia. Anayegeuka kupigana ni yule aliyejeruhiwa, aliyezibiwa njia, au jike lenye watoto.

Kutokana na hayo tunajifunza mambo matatu. Tumwachie njia ya kutokea. Tusimjeruhi ovyo tukamwacha. Na tuuangalie upepo, maana atatunusa kabla hatujamwona.

VITU VYA MWILINI

Miguuni: Buti za mpira zinazofika chini ya goti, au viatu vya ngozi vilivyofungwa kamba barabara. Kandambili zibaki nyumbani. Chini ya michikichi kuna matawi makavu yenye miiba, tena kichakani kuna moma, nyoka asiyekimbia hata ukimkaribia.

Mapajani: Suruali ndefu ya kitambaa kizito. Wengine hukata gunia la katani na kulifunga mbele ya mapaja kama aproni. Gunia halizuii meno kabisa, lakini mara nyingi hupunguza kina cha jeraha.

Kifuani: Kitambaa cha rangi kali, cha machungwa au cha manjano. Nchini Ufaransa, ambako watu huwinda nguruwe kwa msako na bunduki, tangu mwaka 2020 sheria inamlazimisha kila aliye katika msako kuvaa kizibao cha rangi inayong'aa. Sisi hatuna bunduki, lakini panga na mkuki haviulizi jina. Katika majani marefu, mtu aliyevaa kaki huonekana kama mnyama. Wala tusihofu kwamba rangi itamshtua nguruwe, kwa kuwa yeye hutegemea pua zaidi kuliko macho.

VITU VYA MKONONI

Mfukuzaji, yaani yule anayetembea katika mstari akipiga kelele, hahitaji silaha kali. Anahitaji debe au kopo la kugonga na fimbo imara ya urefu wa mtu. Panga likae alani kiunoni. Mtu akianguka na panga tupu mkononi hujikata mwenyewe au humkata jirani yake.

Mkuki uwe wa wachache waliouzoea, wale wanaosimama mbele kuvizia. Mviziaji haondoki mahali pake mpaka asikie firimbi. Mbwa wakichukuliwa, kila mmoja afungwe njuga shingoni ili watu wajue alipo, asije akachomwa mkuki akidhaniwa nguruwe.

Firimbi ni kifaa kidogo kuliko vyote, nacho ni cha thamani kuliko mkuki. Sisi tulikubaliana hivi: mlio mmoja, mstari usimame na kujipanga, miwili, twende, mitatu mirefu, mtu ameumia, silaha zote chini. Kiongozi wa mstari awe na yake na kila pembe ya mstari iwe na yake.

Kifaa kingine ni kijifuko cha majivu. Ukikitikisa, majivu yanakuonyesha upepo unakokwenda. Sisi watu wa ziwa tunajua kwamba usiku upepo hushuka kutoka milimani kuelekea Tanganyika, na jua likipanda hugeuka, ukatoka ziwani kwenda juu. Basi tusianze alfajiri. Tungoje ugeuke, kisha wafukuzaji waanzie chini, kwenye mashamba, wakipanda. Harufu yao itawatangulia na kuwasukuma nguruwe juu, mbali na nyumba, watoto na barabara ya magari. Waviziaji walio juu hawatanuswa. Na tusisukume kamwe kuelekea kwenye matete ya ziwani au mdomo wa mto. Huko kuna viboko na mamba, na atakayeingia anakimbia nguruwe anaweza kukutana na mkubwa zaidi.

MFUKO WA KUNDI

Mtu mmoja achaguliwe kubeba mfuko wa kundi, naye asipewe kazi nyingine. Ndani yake kuwe na:

– vitambaa safi vilivyofuliwa na kuanikwa juani, na bendeji pana;
– sabuni na chupa mbili za maji safi ya kusafishia majeraha madogo;
– kijiti kigumu cha urefu wa shibiri moja;
– maji ya kunywa, na chakula kisichooza: muhogo wa kuchemsha na ndagala wakavu vinatosha;
– simu yenye moto, na karatasi yenye namba ya dereva aliyekubali tangu jana kungoja barabarani.

Jeraha likitoa damu nyingi, gandamiza kitambaa juu yake kwa nguvu za mikono miwili bila kuchungulia kila mara. Damu ya mguu au mkono isipokoma hata hivyo, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, upande wa mwilini, ukaze kwa kile kijiti, na uandike saa uliyofunga ili mganga aijue. Usitie majivu, mafuta ya mawese wala majani kwenye jeraha. Na hata kama jeraha ni dogo, mtu aende apate sindano ya pepopunda.

Kando ya mfuko iwepo ingobyi. Wazee wetu walibebea wagonjwa katika ingobyi kabla magari hayajafika vilimani, na bado inafaa. Isipopatikana, mianzi miwili na magunia mawili yaliyotobolewa pembe hufanya machela.

VYA KUACHA NYUMBANI

Waya wa kutegea uachwe. Mtego wa waya haubagui. Kule Budongo, Uganda, sokwe wengi wamekatika vidole na viganja kwa mitego iliyowekewa wanyama wengine. Sisi nasi tuna sokwe katika misitu ya Rumonge na Vyanda, na hawajamwibia mtu muhogo wa usiku.

Wavu wa ndagala nao uachwe. Ni mwembamba, nguruwe ataupasua, nawe utakosa wavu na nguruwe pia.

Pombe iachwe mpaka jioni.

Kitu cha kutoacha ni barua. Hifadhi za Rumonge, Vyanda na Kigwena si mahali pa kuwinda, na mstari wetu lazima ukome kabla ya mpaka wake. Hata nje ya hifadhi, kiongozi awe na ruhusa ya utawala mfukoni, iliyoandikwa. Mwenye shamba ndiye wa kuitafuta. Asiyekuwa nayo asitutume.

JUU YA NYAMA

Rumonge ni mji wa Waislamu na Wakristo, na shambani tunafanya kazi pamoja. Muislamu anaweza kusaidia kufukuza bila kushika mzoga, wala asilazimishwe kuubeba kwa kutishwa mshahara. Wanaokula wachukue kisu chao, gunia lao na chungu chao, na wote tutabaki ndugu.

Wanaofuga nguruwe nyumbani wajihadhari sana. Nguruwe mwitu anaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila yeye mwenyewe kuonyesha ugonjwa. Maradhi haya yalielezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya, katika maandishi ya mwaka 1921. Hayamdhuru binadamu, lakini yakiingia zizini huua karibu nguruwe wote, na hakuna dawa ya kuyatibu. Basi usiwape nguruwe wako mabaki ya nyama ya porini, na osha buti kwa sabuni kabla ya kuingia zizini. Nyama yenyewe ipikwe mpaka iive kabisa.

NANI ALIPE?

Tukijumlisha buti, vitambaa, firimbi na bendeji, kibarua wa msimu atasema: "Ndugu, mshahara wangu hautoshi." Anasema kweli, wala hatumwambii anunue.

Msako unaoamriwa na mwajiri, kwa ajili ya mazao ya mwajiri, katika saa za kazi, ni kazi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema wazi kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwezi Juni 2022 mkataba huo ulihesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi, ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, na Burundi ni mwanachama.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, mambo matatu yaandikwe kwenye karatasi na kutiwa sahihi: majina ya wote wanaokwenda, pamoja na vibarua wa msimu; kwamba wametumwa na kazi; na kwamba atakayeumia atahesabiwa kuwa ameumia kazini. Karatasi hii haina uzito begani, lakini kama kijana wetu angekuwa nayo, lile neno "kwa hiari yake" lisingesemwa.

Msimu uliofuata tuliitwa tena. Tulimjibu msimamizi kwa heshima kwamba tuko tayari, vifaa vikiwepo. Alinung'unika siku mbili. Siku ya tatu zililetwa jozi kumi za buti, na waliokosa wakabaki nyuma kulinda njia. Saa nne, upepo ulipogeuka, tulipanda katika mstari, hatua kumi kati ya mtu na mtu. Nguruwe wawili waliuawa, waliobaki walitoroka juu. Firimbi ya tatu haikulia, na ingobyi ilirudi tupu.

Mimi nahesabu msako kuwa umefaulu ikiwa ingobyi imerudi tupu. Nguruwe watarudi tena, na muhogo utapandwa tena, lakini mguu wa mfanyakazi haupandwi.

Umoja ni nguvu.