Bastola Ndogo ya Shabaha na Maneno Yake: Mfano wa Vidunda

Milima ya Vidunda imo katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, upande wa kaskazini wa mto Ruaha Mkuu. Jirani yake ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na ng'ambo ya mto imesimama milima ya Udzungwa, ambayo sehemu yake ilifanywa hifadhi mwaka 1992. Wenyeji husema Kividunda, lugha ambayo Malcolm Guthrie aliipa namba G38, katika kundi moja na Kizaramo na Kiluguru. Lakini mambo ya leseni, ya polisi na ya askari wa wanyamapori husemwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtu wa Vidunda atakapo kuzungumza habari za silaha huzungumza kwa maneno ya Kiswahili. Na maneno hayo, kama itakavyoonekana, yaliundwa kwa ajili ya silaha ya namna nyingine kabisa.

Silaha inayokusudiwa hapa ni ile bastola ya risasi nyembamba ambayo watu wa nchi nyingine hupigia shabaha kwa kujifurahisha: makopo, vibao, au karatasi yenye miviringo. Vidunda si kitu cha kawaida. Silaha ya mkulima wa milimani, hapo na katika sehemu nyingi za bara, tangu zamani imekuwa gobore, yaani bunduki ya kushindiliwa kwa mdomoni, na kazi yake imekuwa kuwinda na kuwafukuza nguruwe na nyani mashambani. Lakini kwa sababu hiyo hiyo Vidunda ni mahali pazuri pa kuyapimia maneno. Mtu aliyelelewa na gobore, akitaka kuchagua bastola ya shabaha leo, huja na msamiati wa gobore. Nao humfikisha mbali, kisha humwacha njiani mahali pa hatari.

Tazama kwanza utajiri wa msamiati huo. Bunduki ni neno la Kiarabu ambalo kwanza lilikuwa jina la kokwa fulani, kisha likawa la kidonge cha kurushwa, na mwisho likawa la chombo chenyewe. Risasi nayo ni Kiarabu, na maana yake ya asili ni madini tu: lile lile la kutilia uzito nyavu za wavuvi. Kasiba, jina la kale la mtutu, latokana na mwanzi. Baruti ni unga, mdeki ni ufito wa kushindilia, fataki ni kile kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ya kuwasha, na kabla ya fataki palikuwapo bunduki za gumegume, zilizowashwa kwa jiwe. Lugha haikuazima kila kitu: kwa mzinga mkubwa wa vita Waswahili walichukua jina la gogo lililotobolewa la kufugia nyuki, na mtu wa milimani asikiaye neno mzinga hana sababu ya kufikiri kwanza habari za vita.

La kuangaliwa katika orodha hiyo ni kwamba kila kitu kina jina lake kwa kuwa kila kitu kilishikwa mkononi peke yake. Mwenye gobore hutia baruti, hushindilia, hutia risasi, hushindilia tena, kisha huweka fataki. Akiambiwa "toa fataki," ajua la kufanya. Akiambiwa "risasi imekwisha," haulizi kama baruti nayo imekwisha. Neno risasi kwake ni kipande cha madini kinachomwendea mnyama. Katika vita vya Maji Maji vya 1905, ambavyo watu wa Vidunda walikuwamo, tumaini lilikuwa kwamba kipande hicho kitageuka maji. Hapana aliyesema kwamba baruti ndiyo itakayogeuka.

Sasa risasi ya bastola ya shabaha. Iliyo maarufu ni ya kipenyo cha .22, yaani sehemu 22 za mia za inchi, au karibu milimita 5.6. Mwaka 1845 hivi, Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alikitia kifuniko cha fataki kidonge cha madini, akapata silaha ya kuchezea ukumbini. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa bastola ya kwanza ya risasi ya .22 iliyojitosheleza, na mwaka 1887 ikatokea ile iitwayo .22 Long Rifle, itumikayo mpaka leo. (Jina hilo limewapoteza wengi: ni jina la risasi, si la bunduki, na risasi hiyo hutiwa katika bastola fupi pia.) Uzito wa kidonge chake ni kama gramu 2.6, na mwendo wake ni kama meta 330 kwa sekunde, ukipungua kidogo mtutu ukiwa mfupi.

Ndani yake mna mambo manne yaliyounganishwa: ganda, baruti, kidonge cha madini, na dawa ya kuwasha. Na dawa hiyo haikuwekwa katikati ya kitako, kama ilivyo katika risasi za vita na za kuwindia wanyama wakubwa. Kitako cha ganda kina ukingo uliochomoza nje, nao ni mtupu kwa ndani. Dawa hutiwa ikiwa mbichi, na ganda huzungushwa kwa kasi hata dawa ikaenea ndani ya ukingo pande zote. Kifyatulio kikivutwa, pini ya bastola huubana ukingo huo dhidi ya ukuta wa mtutu, dawa hushika moto, na baruti huwaka. Hivyo risasi za namna mbili zatofautishwa na mahali papigwapo. Kiswahili hakikuhitaji tofauti hiyo zamani, wala Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 haikulazimika kuieleza. Lakini mtu aendaye dukani bila kuijua aweza kununua kisichofaa. "Risasi ya ukingo" na "risasi ya kati" ni maneno mepesi yanayojieleza, nayo yatatumika katika kurasa hizi.

Katika umbo hilo la ukingo zatoka sifa zote za bastola hii, njema na mbaya. Ganda lapaswa kuwa jembamba ili ukingo ubanike. Kwa hiyo haliwezi kubeba nguvu nyingi, na teke la bastola mkononi huwa dogo. Hutengenezwa kwa gharama ndogo, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu kuipenda, kwa maana shabaha hujifunzwa kwa kupiga mara nyingi. Lakini ganda lililokwisha kupigwa halijazwi tena. Tena dawa isipoenea sawasawa katika ukingo, risasi hukataa kuwaka mara kwa mara kuliko ile ya kati, au huchelewa. Inapokataa, mdomo wa bastola hubaki umeelekezwa shabahani kwa muda wa nusu dakika kabla ya kufunguliwa. Wala haifai kuifyatua tupu bastola ya namna hii isipokuwa mtengenezaji ameruhusu, kwa kuwa pini yaweza kuugonga ukuta wa mtutu mahali pale pale ambapo ukingo ungekuwapo, na kuuharibu.

Baada ya hayo ndipo yafaa kuuliza neno "ndogo" lahusu nini. Asemaye "bastola ndogo" aweza kukusudia chombo kidogo cha kuingia mfukoni, au chombo chenye tundu dogo. Kiingereza nacho kina utata wa namna hii, lakini Kiswahili kina kiambishi ki-, ambacho huongeza shida: akisema "kibastola", amekwisha kukidharau. Katika sikio la Mswahili kibastola ni kitu cha mtoto. Hakuna cha mtoto hapa. Kidonge cha gramu 2.6 huua mtu, nacho chaweza kwenda zaidi ya kilometa moja na nusu kikirushwa juu ya uwanda ulio wazi.

Anayechagua kwa ajili ya shabaha hutafuta udogo wa risasi, si udogo wa chombo. Na mara nyingi chombo kikubwa ndicho bora. Sababu yake ni hesabu tu. Mlengaji hulinganisha alama iliyo karibu na mdomo wa mtutu na ufa ulio nyuma. Kama umbali kati ya viwili hivyo ni sentimeta 10, na alama ya mbele ikapotoka kwa milimita 1, basi katika shabaha iliyo mbali kwa meta 25 risasi itapotoka kwa milimita 250. Umbali huo ukiwa sentimeta 20, kosa lile lile la mkono litaipotosha kwa milimita 125. Katika karatasi ya mashindano ya kulenga kwa utulivu ya meta 25, mviringo wa kumi una kipenyo cha milimita 50. Mwenye bastola ya mfukoni ataona kwamba mkono wake ni mbaya, kumbe chombo ndicho kinachomhukumu. Uzito nao wasaidia: bastola ya kilo moja hivi hutulia kuliko ya nusu kilo, ikiwa mkono wa mwenyewe hauchoki. Mpini na uujaze mkono bila kuulazimisha, na kifyatulio kivutike polepole pasipo kushtua. Mengine, kama rangi na mapambo, hayana maana. Wapiga shabaha wa Olimpiki, ambamo wanawake wameshindania bastola ya meta 25 tangu 1984, hutumia risasi hii hii ya .22 katika bastola ambazo si ndogo hata kidogo.

Yabaki kuchagua kati ya namna mbili. Ya kwanza ni ile ya silinda izungukayo, yenye matundu sita mpaka kumi. Ya pili ni ile ya magazini, ambayo hutema ganda na kujipakia yenyewe kila ifyatuliwapo; mfano wake ulioenea ni bastola ya kampuni ya Ruger, iliyotoka 1949 na ambayo toleo lake la nne lilitoka 2016. Ya pili ina kifyatulio chepesi na hulenga vizuri kwa bei ya kiasi, lakini huchagua risasi: ikitiwa zilizo dhaifu hukwama, na kwa kuwa ukingo wa ganda moja waweza kunasa katika ukingo wa jingine, hukwama pia ikijazwa ovyo. Tena baadhi ya matoleo ya zamani yalikuwa magumu kufunguliwa na kusafishwa, nalo si jambo dogo kwa mtu aliye mbali na fundi. Ya silinda ni nzito kuvuta na polepole kujaza, lakini hula kila aina ya .22 inayofaa kipimo chake.

Hata hivyo hoja kubwa kati ya hizo mbili ni ya lugha. Chukua mazungumzo ambayo yaweza kutokea mahali popote pa mazoezi:

"Bwana, toa risasi."

"Nimetoa, afande."

Mwanafunzi amechomoa magazini, ameiweka mezani, na risasi zote anaziona mle. Kwa Kiswahili chake amesema kweli. Lakini risasi moja imekwisha kuingia katika chemba, nyuma ya mtutu, na haionekani. Mwenye gobore asingeweza kukosea hivyo, kwa maana katika gobore iliyomo ni moja, na fataki ikiondolewa huonekana kwa macho. Katika bastola ya magazini neno risasi lina mahali pawili, na amri haikusema ni papi. Katika bastola ya silinda kosa hili ni gumu: silinda ikifunguliwa, matundu yote yamo machoni, na vitako vya shaba vyahesabika. Kwa sababu hiyo anayeanza, hasa aliyetoka katika gobore, afadhali aanze na ya silinda, japokuwa wauzaji wengi husifu ile nyingine.

Neno lenyewe laweza kurekebishwa. Magazeti yameshatenga "maganda ya risasi" kwa yale yaliyobaki baada ya kupigwa, na utengano huo ni mzuri. Kiswahili cha zamani kilikuwa na "kiasi", wingi wake "viasi", kwa risasi iliyofungwa pamoja na baruti yake. Kama neno hilo lingalihifadhiwa, "risasi" ingebaki kuwa kidonge tu. Lakini kiasi leo limeelemewa na kazi ya kupimia sukari na fedha, na kulirudisha ni kutafuta utata mpya. Hata Sheria Na. 2 ya 2015, inayosimamia silaha Tanzania na ambayo chini yake hapana bastola imilikiwayo bila leseni, hutajwa kwa Kiswahili kuwa ya "silaha na risasi", ikikusudia kitu kizima. Basi risasi na libaki kwa kitu kizima, kidonge kwa kinachoruka, ganda kwa kinachobaki, na amri itaje mahali: "Chomoa magazini. Vuta nyuma. Onyesha chemba." Maneno magazini na chemba ni ya kigeni, nayo hayana ubaya, yamekaa katika vinywa vya askari muda mrefu, na kuyafukuza kwa ajili ya usafi wa lugha kungegharimu zaidi ya usafi.

Kuhusu mahali pa kupigia, umbo la nchi ya Vidunda laweza kumdanganya mtu. Mlima huonekana kuwa ukuta tosha wa kupokea risasi, lakini mteremko wenye mawe huirudisha kidonge ya .22 pembeni, kwa kuwa ni nyepesi na ya madini laini; udongo mtupu uliochimbwa wima ndio uimezao. Juu ya mgongo wa mlima hapafai kabisa: kidonge kikipita shabaha hushukia bonde jingine, lenye mashamba na watu. Na upande wa Mikumi silaha haiingizwi hifadhini bila ruhusa, hata ikiwa ni ya makopo. Askari wa hifadhi akiikuta hatauliza kama ilipiga ukingo au kati.