Sura ya 6: Mtu wa Kuuzika

Februari 1997 Arsenal walimchukua kijana wa miaka 17 kutoka Paris Saint-Germain kwa paundi 500,000. Agosti 1999 wakamuuza Real Madrid kwa zaidi ya paundi milioni 22. Takribani nusu ya fedha hizo kocha Arsène Wenger alimnunulia Thierry Henry kutoka Juventus, na nyingine zikasaidia kujenga kituo cha mazoezi cha London Colney. Nicolas Anelka aliondoka akiwa amewanunia, na bado aliwaachia mfungaji bora katika historia yao na viwanja vya kumnolea. Anayetaka kuielewa biashara ya usajili aanzie hapo.

Klabu ikimnunua mchezaji haiandiki gharama yote mwaka wa kwanza. Huigawa kwa miaka ya mkataba. Straika wa milioni 20 mwenye mkataba wa miaka minne hupungua milioni 5 vitabuni kila mwaka. Baada ya miaka miwili vitabu vinasema ana thamani ya milioni 10, hivyo ukimuuza kwa bei ileile uliyomnunulia, mhasibu anaandika faida ya milioni 10. Sasa ongeza hukumu ya Bosman ya mwaka 1995: mkataba ukiisha, mchezaji anaondoka bure. Kwa hiyo mwenye kipaji aliyechoka na klabu hasubiriwi. Anauzwa angali na bei, na wakala anachukua chake kila anapohama. Mashabiki walisoma magazetini kwamba Anelka ni mnunaji. Wahasibu wa klabu walisoma kitu kingine kabisa.

Alikuwa mnunaji kweli? Magazeti ya Uingereza yalimbandika jina hilo na halikubanduka. Mimi naona alikuwa mtu wa kimya aliyeingia kwenye kazi ya makelele. Alikulia Trappes, nje kidogo ya Paris, mtoto wa wazazi kutoka Martinique, akapitia chuo cha soka cha Clairefontaine. Kaka zake, Claude na Didier, ndio waliomsimamia kwenye mikataba. Hakupenda waandishi, hakujua kujipendekeza kwa mashabiki, na palipomkera hakuficha. Machi 2000, akiwa Madrid, aligoma kufanya mazoezi, klabu ikamsimamisha siku 45. Adhabu ilipopunguzwa akarudi, akaifunga Bayern Munich nyumbani na ugenini kwenye nusu fainali, na Mei akavaa medali ya Ligi ya Mabingwa. Majira hayohayo ya kiangazi akawa bingwa wa Ulaya na Ufaransa. Baada ya hapo Madrid wakamrudisha Paris kwa bei inayokaribiana na waliyomnunulia.

Kilichofuata ni safari ndefu: Liverpool kwa mkopo, Manchester City, Fenerbahçe, Bolton, Chelsea. Ukizifuata bei, utaona jambo. Paris walimnunua juu kabisa na kumuuza City kwa takribani milioni 13: hasara. City nao walimuuza chini ya hapo. Bolton walimchukua Agosti 2006 kwa milioni 8, wakamuuza Chelsea Januari 2008 kwa milioni 15. Walionufaika kweli, basi, ni Arsenal na Bolton, waliomnunua kabla hajapanda au baada ya kushuka. Ingawa Bolton, niseme ukweli, msimu ule waliponea chupuchupu: pointi moja tu iliwatenganisha na waliokuwa kwenye mstari wa kushuka daraja. Milioni 15 benki hazifungi mabao.

Na mabao yake yalikuwaje? Itazame fainali ya Kombe la FA ya 1998 dhidi ya Newcastle. Ray Parlour anainua mpira juu ya mabeki. Anelka, aliyekuwa nyuma yao kidogo tu, anachomoka, anauacha udunde, na kabla beki hajamfikia anaupiga chini, kuvuka mwili wa kipa Shay Given, hadi kona ya mbali. Hakuwa straika wa kusimama kwenye boksi akisubiri krosi. Alianzia mbali, akishuka kuutafuta mpira au kutokea pembeni, na hatari yake ilikuwa katika umbali ule, kwa sababu beki aliyemfuata aliacha uwazi, na aliyemwacha hakumkamata tena. Mtu asiyetulia klabuni hakutulia uwanjani pia.

Kuna makocha walioona hilo ni mali. Msimu wa 2008-09 alitwaa kiatu cha dhahabu cha Ligi Kuu kwa mabao 19. Mwaka uliofuata Carlo Ancelotti alimpanga na Didier Drogba: Drogba akikaa katikati, Anelka akizurura. Drogba alifunga 29 kwenye ligi, Anelka 11, Chelsea wakawa mabingwa kwa mabao 103.

Mwezi mmoja baadaye, Polokwane, Afrika Kusini, mchezo uleule ukawa kosa. Juni 17, 2010, Ufaransa wakicheza na Mexico kwenye Kombe la Dunia, kocha Raymond Domenech alimlaumu wakati wa mapumziko kwa kushuka mno badala ya kukaa mbele. Anelka akamjibu kwa hasira, akabadilishwa. Siku mbili baadaye gazeti la L'Équipe lilichapa matusi makubwa ukurasa wa mbele, maneno ambayo Domenech mwenyewe alikuja kukiri kwamba si yale hasa yaliyotamkwa. Anelka aligoma kuomba radhi hadharani, akafukuzwa kambini. Huko kambini, Knysna, wachezaji wenzake wakagoma mazoezi mbele ya kamera. Nchi nzima ikawaka.

Agosti, shirikisho la soka la Ufaransa lilimfungia mechi 18 za timu ya taifa, ambayo alikuwa ameshaipa mgongo. Siku nne baadaye Chelsea walikwenda Wigan wakashinda 6-0. Anelka alifunga mawili.