Kufuli Lililokwama Shambani: Lishughulikie Kabla Mto Haujapanda

Wakulima wa kando ya Mto Sabaki wanaijua hali hii. Ni usiku, simu inalia, na jirani wa upande wa juu anasema maji yanapanda. Pampu iko bandani karibu na mto na mlango umefungwa kwa kufuli. Unafika na tochi, unatia ufunguo, hauzunguki. Ukiulazimisha, unavunjikia ndani. Dakika za kuiokoa pampu zinapita ukiwa umesimama mlangoni.

Kufuli ni kitu kidogo, lakini katika mashamba ya wadi ya Jilore hulinda mali nyingi: pampu na mipira ya maji, mbolea na dawa, mahindi yaliyo ghalani na mbuzi walio zizini. Makufuli mengi hayaharibiki kwa siku moja. Hutoa dalili kwa wiki au miezi, nasi huzoea kuyatikisa na kuyapigapiga mpaka yafunguke. Makala haya yanaeleza kwa nini kufuli hukwama, namna ya kulisafisha, na la kufanya likikataa kabisa.

Kwa nini tusisubiri mvua

Maji ya Sabaki hayatoki Jilore. Mto Athi huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, hukutana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, na ukifika kwetu tunauita Sabaki hadi unapoingia baharini kaskazini mwa mji wa Malindi. Kwa hivyo mto unaweza kupanda huku Jilore kukiwa kukavu. Mvua za El Nino za mwishoni mwa mwaka 2023 zilitukumbusha jinsi mafuriko yanavyoweza kuikumba kaunti yetu kwa haraka. Anayengoja mawingu ndipo akague banda lake huenda akachelewa.

Mto huo huo huleta tope laini sana. Likikauka huwa vumbi, na vumbi hilo ndilo adui wa kwanza wa makufuli yetu.

Kilichomo ndani ya kufuli

Ndani ya makufuli mengi ya kawaida kuna pini ndogo kadhaa zilizopangwa mstari mmoja, kila moja ikisukumwa na springi. Meno ya ufunguo huziinua pini hizo kila moja kwa kimo chake. Zikilingana, sehemu ya ndani huzunguka na kuuachilia upinde, yaani kile chuma kilichopinda kinachopita kwenye komeo. Pini moja tu ikikwama kwa vumbi au kutu, ufunguo hauzunguki hata ukiwa ndio wenyewe.

Kabla ya kulaumu kufuli, tazama ni hatua gani inayokataa:

Ufunguo hauingii mpaka mwisho. Kuna uchafu ndani, au mdudu amejenga kwa udongo kwenye tundu.

Ufunguo unaingia lakini hauzunguki. Pini zimekwama, au meno ya ufunguo yamelika. Jaribu ufunguo wa akiba. Ukifungua vizuri, kufuli ni zima na ufunguo ndio mbovu. Usichongeshe mwingine kutoka kwa huo uliolika, kwa sababu utanakili kasoro yake.

Ufunguo unazunguka lakini upinde hauruki. Upinde umeshika kutu, au mlango umelegea na unauvuta upande. Mwenzio auinue au ausukume mlango kidogo unapofungua. Ikiwa ndilo tatizo, kinachohitaji fundi ni bawaba au komeo, na hakuna haja ya kununua kufuli jipya.

Kufuli linafunguka lakini halifungi. Kuna uchafu kwenye tundu la upinde, au upinde umepinda. Kufuli lisilofunga kwa uhakika halifai kurudishwa mlangoni.

Namna ya kulisafisha

Kazi hii huchukua chini ya nusu saa, na ifanywe kufuli likiwa wazi, mkononi, mchana.

Kwanza, geuza tundu la ufunguo litazame chini na uligonge kufuli polepole kwenye kipande cha ubao ili vumbi litoke. Pili, kama lina tope lililokauka, lioshe kwa maji safi, uingize na kutoa ufunguo mara nyingi, kisha ulianike juani mpaka likauke kabisa. Tatu, sugua kutu ya upinde kwa brashi ya waya au msasa. Nne, tia kilainishi.

Kwenye kilainishi ndipo wengi hukosea. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi baada ya muda. Mafuta ya nazi nayo huganda asubuhi za baridi ya kusi. Oili chafu iliyotolewa kwenye pikipiki au trekta ina masizi na chembe za chuma, nayo hunasa vumbi zaidi. Kinachofaa ni matone mawili matatu ya mafuta mepesi ya cherehani kwenye tundu la ufunguo na kwenye matundu ya upinde, kisha upanguse yanayovuja.

Mahali penye vumbi jingi na pasipofikiwa na mvua, penseli ya kawaida inatosha. Sugua ule weusi wake, unaoitwa grafaiti, kwenye meno ya ufunguo, kisha uuingize na kuutoa mara kadhaa. Grafaiti hulainisha bila kunasa vumbi. Chagua kimoja tu kati ya mafuta na penseli, kwa kuwa vikichanganyika huwa uji mzito ndani ya kufuli.

Likikwama likiwa mlangoni

Usiuzungushe ufunguo kwa koleo. Tia mafuta mepesi, au yale ya kupulizia ya kulegeza kutu, kwenye tundu la ufunguo na kwenye upinde. Subiri dakika 10 hadi 15. Ligonge kufuli kwa mpini wa nyundo, pande zote, bila kishindo. Kisha usukume upinde ndani huku ukizungusha ufunguo polepole kwenda na kurudi. Mara nyingi kutu huachia kwa njia hii.

Ufunguo ukivunjikia ndani, usiingize kijiti wala gundi. Kipande kikionekana, kivute kwa kibano chembamba. Kisipoonekana, mwite fundi.

Ikibidi kufuli likatwe, kumbuka kilichomo ndani ya banda. Mashine ya umeme ya kukatia chuma hurusha cheche, na banda la pampu huwa na petroli au dizeli na mvuke wake. Tumia msumeno wa chuma wa mkono au mkasi mkubwa wa kukatia chuma. Ikiwa banda si lako, mwenyewe awepo, na mjulishe mzee wa kijiji ili asidhaniwe mtu kuwa mwizi.

Kabla ya kununua jipya

Kufuli lenye mwili wa shaba ya manjano hustahimili kutu kuliko la chuma. Hata hivyo, mengine ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Nenda dukani na sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa. Ikiunasa mwili wa kufuli, hicho ni chuma. Upinde kunaswa ni kawaida, kwa kuwa karibu yote hutengenezwa kwa chuma kigumu.

Angalia pia komeo lenyewe. Kufuli la bei kubwa kwenye komeo lililopigiliwa misumari miwili halimzuii mtu, kwa sababu mwizi atang'oa komeo na kuliacha kufuli likiwa limefungwa.

Ukishalifunga mlangoni, hakikisha tundu la ufunguo linatazama chini ili maji yasituame ndani. Kata kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli au pikipiki na ulifunike kwa juu kama paa. Acha chini wazi lipate hewa.

Milango mitatu ya kuangaliwa zaidi

Banda la pampu. Kuwe na funguo mbili, mmoja kwako na mwingine kwa mtu mzima unayemwamini anayeishi karibu na mto. Ufunguo uliofichwa chini ya jiwe hujulikana na wengi kuliko tunavyodhani. Maji ya mafuriko yakilifikia kufuli, lioshe na ulikaushe mara tu yanapopungua, kabla tope halijagandamana.

Ghala la dawa za kilimo. Kufuli likiharibika, wengine hufunga mlango kwa kamba wakingoja siku ya soko. Kamba haimzuii mtoto. Mpaka upate kufuli jingine, hamishia dawa kwenye chumba au sanduku linalofungika, mbali na chakula na maji ya kunywa, na usizitoe kwenye vyombo vyake vya asili.

Nyumba ya kulala. Usimfungie mtu ndani kwa kufuli la nje, awe mtoto, mgonjwa au mzee, hata kama unatoka kwa muda mfupi. Moto ukizuka, aliye ndani hana njia, na jirani anayekuja kuokoa hana ufunguo.

Ukikuta kufuli limevunjwa

Usiingie wala usiliokote kufuli hilo. Mjulishe mzee wa kijiji au chifu, kisha uripoti kituo cha polisi kilicho karibu na upewe nambari ya OB. Kufuatilia mali yako ni rahisi zaidi ukiwa umeandika mapema nambari iliyochapwa kwenye injini ya pampu na kuihifadhi nyumbani. Kwa dharura piga 999 au 112. Wakati wa mafuriko, Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199 bila malipo.

Kazi ya wiki hii

Jumamosi hii, zunguka shamba lako na funguo zote mkononi. Fungua na ufunge kila kufuli mara tatu. Linalosita, lisafishe siku hiyo hiyo. Linalokataa baada ya kusafishwa, libadilishe. Ufunguo usiojulikana ni wa mlango gani, uujaribu mpaka ujulikane, kisha uufunge kitambaa cha rangi yake. Rudia kila mwezi, na lazima kabla ya masika na vuli.

Maji yakipanda usiku, unatakiwa kufungua mlango mara moja, utoe pampu na uondoke salama. Na endapo maji yamekwisha kufika mlangoni, iache. Pampu hununuliwa tena, mtu haninunuliwi.