Kisu Chenye Matiko

Mgeni alikigeuza kisu mkononi pale sokoni Kasulu, akaona doa la kutu, akacheka: "Aa, hiki cha kienyeji." Akanunua kinachong'aa. Kicheko hicho nimekisikia mara nyingi mno.

Chuma kinachoshika kutu ndicho kinachonoleka kwenye jiwe lolote. Mhunzi wa huku kwetu Kabanga huanza na springi ya gari bovu. Huikata, huilaza kwenye makaa huku mwanawe akivukuta, huifua juu ya fuawe mpaka ubapa unyooke, kisha hukitia kisu matiko: hukichovya majini kikifika rangi anayoijua yeye. Rangi hiyo haionekani juani, ndiyo maana kibanda chake kina giza. Wapita njia wakaliita giza hilo uchawi! Mwishowe huuchoma msuka motoni, akaupenyeza kwenye mpini ukiwa bado unafuka moshi.

Mwana huvukuta kwa miaka kabla ya kupewa nyundo. Haambiwi rangi, huiona.

Mababu hawakuwa na springi. Waliyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuri za udongo, kazi ambayo kwa jirani zetu Wahaya ina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliuandikia ulimwengu habari zake, na wengi wakashangaa. Sisi hatukushangaa. Hapa Buha, nchi yetu Waha, jembe lilikuwa mahari, likienda ukweni pamoja na mbuzi. Bila shaka mhunzi alinusa harusi kabla ya majirani.

Kisha yakaja majembe ya dukani, na vijana wakaenda Tanga kuwa manamba kwenye mkonge. Walirudi na shilingi, mahari ikawa fedha, tanuri zikazimika. Ninayemlilia ni yule mtoto wa mhunzi anayeendesha bodaboda leo, na sina haki ya kumlaumu, maana hata mimi nina visu viwili vya dukani jikoni.

Lakini cha bibi bado ninacho. Kimenolewa hadi ubapa umebaki mwembamba kama jani la mtama, na bado kinamenya mihogo ya gunia zima.

Ukinunua kama hicho, usikiache na maji. Kifute, kisha kipake mawese kidogo.